Barua ya Shukrani kwa Kichwa cha Ndama

Saint-Aubrin, Jumanne, 19 Mei 1987

Bwana Corvellec,

Ninayo heshima kukutangazia wewe, ukoo wako wote, na umma wa Wafaransa kwa jumla, kwamba postikadi yako yenye picha ya punda aliyevaa kofia imewasili salama katika sanduku langu la barua leo asubuhi, kabla ya kahawa. Baada ya kahawa iliingia kwenye ndoo ya maganda ya viazi. Baada ya chakula cha mchana niliitoa tena kwa koleo, maana nimefundisha Kifaransa maisha yangu yote na siwezi kulala na kosa ndani ya nyumba, hata likiwa ndooni.

Naomba tuelewane. Ulikuja kwangu na mpwa wangu Sidonie ili niuone uso wa mtu anayetaka kumwoa. Ulilala kwenye shuka zangu. Ulikula mezani kwangu. Mtu aliyefanyiwa hivyo, akirudi kwao, huandika barua ya kasri. Ndivyo inavyoitwa, ingawa kasri langu lina vyumba vinne na bomba linalovuja. Huandikwa kwa mkono, hutiwa ndani ya bahasha, na bahasha hufungwa. Postikadi haifungwi. Bouchardon wa posta aliisoma njiani, kisha akaisoma tena kwa sauti kwenye baa iliyo mkabala na kanisa, na sasa kijiji kizima kinajua kwamba mimi ni "poa sana" na kwamba wewe "unafurahi kwamba nilikupokea".

Na hapo ndipo penye uvundo. Ukishaandika "nafurahi kwamba", huwezi kuendelea na *vous m'avez reçu*, kama mtu anayeripoti ajali polisi. Ni *vous m'ayez reçu*. Subjonktifu ya wakati uliopita, kijana, ile hali ya kitenzi inayofuata hisia. Kitenzi kisaidizi kinabadili nguo, na kitenzi chenyewe kinafuata nyuma, kwa kuwa jambo limekwisha kutendeka na kilichobaki ni wewe kusema limekufanya nini moyoni. Ulifundishwa ukiwa bado na chunusi. Nakurudishia punda wako, kapakwa wino mwekundu.

Sidonie ameniomba nimshike mkono nimwingize ukumbini tarehe 12 Septemba. Mimi siendi harusi za watu nisiowajua, na mtu asiyeniandikia barua simjui.

Hermance Duvernois
Mwalimu mstaafu. Sijawahi kuwa poa.


Lyon, 22 Mei

Sidonie wangu,

Shangazi yako amenirudishia punda.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kutwa nimekaa kando ya watu wanaotaka kuniua, nikiwaambia, "Breki, mama. Breki! Hiyo siyo breki." Sina nguvu za kurudi nyumbani kugombana na kitenzi kisaidizi. Hebu niambie, yule mama ana nini na mimi? Nilitabasamu mpaka taya zikauma. Nilisifu mapazia. Alipoleta kile kichwa cha ndama, kizima, kimefumba macho kama mtu anayesali kabla ya chakula ambacho ni yeye mwenyewe, sikukimbia. Alikata shavu akaniwekea. Ngozi ikatikisika sahanini kabla sijaigusa. Ukafuata ulimi. Kikafuata kitu cheupe ambacho sikuuliza. Na chini ya meza lile jibwa lenu, Pompon, likijamba polepole, kama tairi lenye tundu dogo.

Jibini silitaji. Alikuwa amelifunika kwa kioo, na sidhani kama ni kwa ajili ya kulikinga na nzi. Alikuwa anawakinga nzi.

Kila nikishika kalamu kuandika "nafurahi", mate yananijaa mdomoni. Mimi naona hivi: twende manispaa sisi na mashahidi wetu, tusaini, tukale pizza. Shangazi tutampelekea keki.

Wako, Tanguy


Vichy, 26 Mei

Tanguy wee,

Keki unaweza kumpelekea, ila utaipeleka ukiwa kapera.

Nilikwambia siku ya kwanza, ukaitikia kwa kichwa huku unatafuta maegesho. Wazazi wangu walipokufa, ndugu wote walikaa sebuleni wakanijadili kama kabati kubwa lisilopita mlangoni. Shangazi Hermance hakujadili. Alinivalisha koti, akasema, "Huyu nina mahali pake." Sitavuka kizingiti cha manispaa yoyote bila yeye kunishika mkono. Sikutishi. Nakwambia ujue, kama ninavyowaambia wazee hapa kazini, kwenye bafu za maji ya tiba, kabla sijawafungulia bomba: maji ni ya moto na yananuka mayai viza, na hakuna namna nyingine ya kupona.

Kwa hiyo andika, mume wangu mtarajiwa. Unaanza na unachosikia moyoni: nafurahi, nasikitika, naogopa, nachukizwa. Kisha jambo lililokwisha kutendeka, na kitenzi kisaidizi chake kikiwa kimevaa vizuri. Ila ukiandika "natumaini", vaa nguo za kawaida. Usiniulize sababu. Nilimuuliza nikiwa mdogo, akasema Wafaransa hutumaini kwa uhakika na hufurahi kwa mashaka.

Funga bahasha. Usimtaje Pompon.

Sidonie


Lyon, 2 Juni

Bi Duvernois mheshimiwa,

Nafurahi mno kwamba umenipokea nyumbani kwako, na nimeguswa kwamba uliamka alfajiri kunipikia. Nasikitika kwamba tuliondoka mapema vile. Siamini kama nimewahi kula kichwa cha ndama kitamu kama kile, na naona fahari kwamba ulinikatia shavu kwa mkono wako mwenyewe. Hata sahani niliifuta kwa mkate.

Natumaini umelala vizuri tangu tulipoondoka, wewe na Pompon.

Wako mtiifu,
Tanguy Corvellec


Saint-Aubrin, 9 Juni

Bwana Corvellec,

Kisarufi sina neno. Nimeisoma barua yako nikitafuta kosa kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki, na sikupata hata mmoja. Ndiyo maana imenitia kinyaa.

Jumapili ile, gari lenu lilipokata kona, Pompon alitapika nyuma ya saa ya ukumbini. Shavu zima, ulimi nusu, na ubongo wote. Vilikuwa vimekatwa vipande vidogo vya mraba, kwa kisu na uma. Pompon hatumii uma.

Kabla yako aliletwa mwingine hapa, Régis, mwuza bima, nywele zinang'aa kama kiatu. Alikula kila kitu akaomba aongezwe. Akaniandikia barua ya kasri yenye subjonktifu zimepangwa kama meno ya bandia, juu ya karatasi ya manukato. Nikamwambia Sidonie: huyu ndiye. Haukupita msimu, bwana yule alihamia kwa daktari wake wa meno. Barua yake ilinukisha droo nzima. Mpaka leo leso zangu zina harufu ya Régis, nami napenga kamasi kwa mkono wa gauni kuliko kuzitumia.

Kitenzi ulichokitumia kinadai moyo utangulie. Ukiweka "nafurahi" mahali ambapo tumbo lilikuwa linapinduka, umeandika uongo kwa mwandiko mzuri, na uongo wenye mwandiko mzuri nimeshaupata nyumba hii. Andika upya. Au usiandike, nami tarehe 12 Septemba nitakuwa hapa nikisugua nyuma ya saa.

H. Duvernois


Lyon, 15 Juni

Bi Duvernois,

Umeyataka mwenyewe.

Nimekirihika kwamba uliniwekea mezani uso wa mnyama, na kwamba ulinigeuzia upande wenye kope. Nimechefuka kwamba ule ubongo uliuita "kipande cha mgeni". Nashangaa kwamba lile jibini halijapata mazishi. Nachukia kwamba mbwa wako alilala juu ya mto wangu kabla yangu, na nachukia zaidi kwamba mimi nililala juu ya mto huohuo baada yake. Imeniuma kwamba uliniuliza mbele ya jirani yako kama ni kweli sisi Wabretoni, watu wa pwani, tunaoga tu meli zikiingia. Nilicheka. Najionea kinyaa kwamba nilicheka.

Na kwa kuwa leo tunafagia mpaka nyuma ya saa: naona aibu kwamba nilimlisha Pompon kipande kimoja kimoja, huku nakutazama machoni nikisema "mmm". Nasikitika kwamba alitapika. Nasikitika kuliko yote hayo kwamba aliyepiga magoti kusafisha ni wewe.

Limebaki moja. Sidonie akichoka hugombana na vitu. Anatukana mvua, lifti, kopo lisilofunguka. Watu hawagusi. Nilidhani kazaliwa hivyo. Kisha Jumamosi ile nikakuona jikoni unalitukana bomba matusi ambayo sikuyasikia hata bandarini kwetu, na fundi alipokuja, amechelewa, ananuka mvinyo, ukamvutia kiti na kumpa kahawa. Nafurahi kwamba aliyemlea Sidonie ni wewe.

Hili sikumpa mbwa.

Tanguy Corvellec


Lyon, 20 Julai

Sidonie,

Wiki zinakwenda, shangazi yako kimya. Kila nikilisikia sanduku la barua nashuka mbio, nakuta ni tangazo la magodoro. Nadhani nimeharibu. Nilimwandikia ukweli wote, mpaka wa kope.

Mama yangu ameshanunua kofia. Niambie la kufanya.

T.


Vichy, 23 Julai

Tanguy,

Mpaka wa KOPE?

Kaa kimya. Usimwandikie tena. Nilikwenda kwake Jumapili. Hakukutaja. Ila chakula kilikuwa kuku, na tangu nizaliwe hajawahi kupika kuku Jumapili. Sijui maana yake. Nilikula nikiwa na hofu.

S.


Saint-Aubrin, 4 Agosti

Kijana,

Kumi na tatu juu ya ishirini.

Umepoteza alama pale kwenye mto wa mbwa. Umeandika *j'ai dormi* badala ya *j'aie dormi*. Hasira imekula herufi. Hutokea, na ni afadhali ya Régis, ambaye hakuwahi kupoteza hata koma. Alama nyingine nimezitoa kwa ajili ya jibini, ambalo lilikuwa halijakomaa bado ulipokuja. Ungeliona sasa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikiishika kalamu nyekundu nilikuwa nafika kwenye lile bomba, naiweka chini.

Nitakuja. Nimejaribu kofia yangu ya mazishi, ndiyo pekee iliyobaki na umbo. Imeliwa na nondo upande mmoja, nitaugeuzia ukuta. Kama mtaweka samaki ndani ya utelezi wa jeli, mmewagandisha na karoti zenye sura ya nyota, niwekeeni mbali. Na usinitumie zile kadi za mwaliko zinazochapwa kiwandani, zenye njiwa wawili na pete. Njiwa wana chawa. Niandikie kwa mkono wako, kwa Kifaransa cha mtu mzima: siku gani, saa ngapi, wapi.

Hermance Duvernois


Lyon, 10 Agosti

Bi Hermance,

Ninafurahi, na safari hii tumbo langu ni shahidi, kwamba umekubali kuja. Sidonie anafurahi kwamba umenisamehe, na mama yangu anashangaa kwamba nimemaliza siku mbili juu ya karatasi moja bila mtu kufa. Nilitaka kila kitenzi kisimame wima mbele yako. Sikutaka hata herufi moja iliwe.

Harusi ni Jumamosi, tarehe 12 Septemba, saa tano asubuhi, kwenye manispaa ya Lyon. Tutakuwa mlangoni. Njiwa hawakualikwa.

Kwa heshima ya kweli,
Tanguy


Lyon, 12 Septemba, jioni

Bi Duvernois,

Hukuja.

Tulisimama mlangoni mpaka shada la Sidonie likaanza kulegea. Tukaingia. Naibu meya, na ule utepe wake wa rangi tatu, akauliza kama tuanze. Sidonie akasema, "Bado." Naibu meya akaangalia saa, akauliza tena. "Bado." Maharusi waliofuata walikuwa wanachungulia, na mtoto wao mmoja alikuwa ameshaanza kutupa mchele. Mama yangu akamwambia Sidonie, "Yaani yote haya kwa ajili ya ajuza mmoja?" Sidonie akamjibu, "Ndiyo, mama. Huyohuyo mmoja." Naibu meya akafunga kitabu. Tumerudi nyumbani kwenye gari lenye maua, watu njiani wanatupigia honi za pongezi, nasi tukiwapungia mkono kwa kukosa la kufanya.

Simu huna, kwa kuwa unasema inaingia bila kubisha hodi. Basi nabisha hodi kwa barua. Nachukizwa kwamba nilikuamini. Nachukizwa kwamba ulinivua ukweli wangu wote, ukaupa alama, ukaniacha uchi mbele ya wajomba zangu wa Brest. Nachukizwa kwamba nilikueleza habari ya bomba.

Sidonie amelala na viatu vya harusi miguuni. Hakulia. Alilitukana shada.

Sahihisha na hii.

Tanguy Corvellec


Saint-Aubrin, Jumanne, 15 Septemba

Kijana,

Tangu Jumamosi nimekaa hapa nikingoja barua yenu ya kuniomba radhi, na badala yake nimepokea hii. Nimeisoma nimesimama, na koti mwilini.

Nilikuja. Niliamka kabla ya jogoo na nikapanda treni iliyonuka soseji na soksi. Kiti cha mbele yangu alikaa bwana anayekata kucha, na moja iliruka ikatua kwenye kofia yangu. Stesheni ya Lyon nilichukua teksi nikasema, "Manispaa." Dereva hakuuliza kitu, akanipeleka. Nilifika mapema. Nikawangoja mlangoni, sikuwaona, nikadhani mmeshaingia. Nikakaa nyuma kabisa, upande wa ukuta, kwa ajili ya nondo.

Bibi harusi alikuwa amevaa shela mpaka kiunoni. Nilimwona mgongo tu. Wewe nilikuona umepungua kimo, nikajisemea ni suti. Naibu meya aliongea vibaya sana, "kwamba mmechagua" akaitamka kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi, na safari hii nikamwacha. Nilishatoa leso, mojawapo ya zile za harufu ya Régis, sikuwa na nyingine safi. Nililia ndani yake, kijana. Sikuwahi kulia hadharani tangu nilipomzika kaka yangu. Kisha yakatajwa majina: Bwana Zerbini na Bi Clapisson.

Sikuweza kutoka, safu ilikuwa imejaa wajomba. Bibi mmoja wa ukoo wa Zerbini alinikumbatia akanibusu mashavu yote mawili. Ana ndevu, na zilikuwa na siagi. Nilikaa kwenye ngazi za nje mpaka bawabu alipofunga mlango na kuniambia, "Wamekwisha, mama." Nikaamini mmenikimbia. Nikawaza: kope, mbwa, Wabretoni, nimestahili. Nikarudi na treni ileile ya soksi.

Sasa nasoma kwamba mlikuwa mlangoni. Ama mmehama mji, ama nimehama mimi. Nimeitoa barua yako ya Agosti nikaipitia kwa kalamu nyekundu, neno kwa neno. Vitenzi vyote vimesimama wima kama ulivyoahidi. Ningekupa kumi na nane. Sijaona kosa.

Mwambie Sidonie avue viatu. Ombeni siku nyingine. Nitakuja siku moja kabla, mnipokee kwenye behewa na mnishike mkono mpaka mezani kwa naibu meya, kama kifurushi. Mama yako mwambie ajuza anamsalimu.

Nasikitika kwamba nilikufanya ungoje. Hilo limetoka moyoni, na nimeliandika bila kulirudia.

Hermance

Nyongeza, nikiwa hapa posta kununua stempu: Lyon ina manispaa tisa, nawe hukuandika ipi.